Vichwa vya Mshazari

Wateja wapya wa duka langu la dawa walikuwa na tabia moja iliyonichosha. Mtu anaingia, anasalimia, anaanza kunieleza kikohozi chake, na kabla hajafika mbali kichwa chake kinaanza kulala upande, taratibu, kama anayesoma jina la kitabu kilichosimama kwenye rafu. Anaendelea na maelezo hivyo hivyo, shingo imepinda. Najua wazi kwamba haniangalii machoni. Anaangalia pale nywele zangu zinapokutana na paji la uso, kwa sababu mstari ule haukulala kama mistari ya watu wengine. Ulianzia chini upande wa kushoto, ukapanda kwenda kulia bila haraka, kama barabara ya mlimani.

Wachache wenye ujasiri waliuliza.

"Daktari, samahani, hizo nywele nani alikukata?"

Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini kusahihisha watu nilishachoka zamani. "Rafiki yangu," nawajibu. Basi wananitazama kwa huruma, kana kwamba rafiki huyo ni ugonjwa na dawa yake imekwisha dukani.

Huruma ile ilinipandisha hasira kila mara. Hawakumjua yule mtu. Wangemjua, wangekuja kuniuliza anapatikana wapi na wao wakapindwe.

Tulimwita Mshazari. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa zuri tu, lakini hata walimu walilisahau kabla hatujamaliza kidato cha pili. Nilimkuta shule ya sekondari ya bweni, kitanda chake kikiwa jirani na changu, miguu yake ikining'inia nje ya godoro kwa urefu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu ambayo haikujua kusimama wima. Kila alipotaka kukiona kitu vizuri, kichwa chake kililala upande wa kulia. Akisoma, kinalala. Akipima chumvi kwenye kijiko, kinalala. Mwenyewe hakuwa na habari. Ukimwambia, anakukazia macho kwa mshangao, na kichwa kimelala.

Shule yetu ilikuwa na sheria ya nywele. Kila Jumamosi ya ukaguzi, kichwa cha mwanafunzi kilitakiwa kiwe kimenyolewa, na kazi ya kunyoa ilikuwa ya mtunza stoo. Mtunza stoo huyo ndiye aliyekata pia nyasi za uwanjani, na hakuwa mtu wa kubadili mkono kulingana na kazi. Tulitoka kwake na masikio yanachuruzika damu. Kwa hiyo Mshazari aliporudi likizo moja na mashine ya kunyolea ya mkono aliyopewa na mjomba wake, ile ya kubana kama koleo, akatangaza bweni zima kwamba yeye sasa ni kinyozi, tulimpokea kama mkombozi. Mimi nilikuwa wa kwanza. Si kwa ushujaa. Kitanda changu ndicho kilichokuwa karibu.

Alinifunga shuka shingoni, akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza. Mashine iling'oa karibu sawa na ilivyokata, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Aliniuliza nyumbani kwetu wananiitaje. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, maana lilikuwa jina la kitoto. Tangu dakika ile aliniita hilo jina mpaka akamaliza kuninyoa, na alipomaliza hakulitaja tena mbele ya watu. Alifanya hivyo kwa kila aliyeketi juu ya ile ndoo. Wapo wavulana wa kidato cha kwanza waliolia pale kwa kuikumbuka nyumbani, na Mshazari angesimamisha mashine, akawapulizia usoni kwa nguvu, kisha akatangaza kwa bweni zima, "Tulieni bwana, nywele zimemwingia machoni!" Hakuna aliyewahi kuchekwa.

Alipomaliza kichwa changu alirudi nyuma, akalaza chake upande, akanikagua.

"Imenyooka kama rula," akasema.

Na kwake ilikuwa imenyooka kweli. Hapo ndipo palipokuwa na mchezo wote. Aliukata mstari kichwa chake kikiwa kimelala, kisha akaukagua kichwa kikiwa kimelala vilevile. Ungemshawishi vipi mtu wa namna hiyo? Jicho lililokosea ndilo hilo hilo lililokuwa hakimu.

Jumamosi ile mwalimu wa nidhamu aliingia bwenini na fimbo yake kwapani. Alikuwa pia mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa miwani mizito na upara uliokuwa umeshafungua uwanja mzima utosini. Tulisimama mistari miwili, kila mtu mguuni pa kitanda chake. Alimtazama wa kwanza, akamtazama wa pili, alipofika kwa wa tano akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatazama tena safu nzima ya vichwa, vyote vikiwa vimeinuka upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi, halafu akashika fremu ya mlango.

"Nipeni maji," akasema.

Alipokwisha kunywa, akauliza kwa ile sauti yake ya kuogofya, "Nani amewanyoa?"

Tulikuwa tumekula kiapo kwamba piga ua hatumtaji. Lakini Mshazari mwenyewe akajitokeza mbele, uso unang'aa.

"Mimi, mwalimu. Umependa?"

Nimeishi miaka mingi baada ya siku hiyo, na bado sijasikia swali lililosubiriwa jibu kwa roho juu namna ile. Mwalimu alimpeleka darasani, sisi nyuma yao, akampa chaki na kumwamuru achore ubaoni mstari ulionyooka, wa kulala. Mshazari akachora. Akarudi nyuma, kichwa upande, akasema umenyooka kama rula.

"Huu, kijana," mwalimu akasema, "unaitwa mshazari."

Jina likaingia hapo hapo. Tulidhani atachapwa, lakini mwalimu alitutazama masikio, sikio baada ya sikio, akakuta hakuna hata moja lenye jeraha. Akakata kauli kwamba mtunza stoo abaki na nyasi zake. Na muhula haukuisha kabla hatujamwona mwalimu mwenyewe amekaa juu ya ile ndoo, shuka shingoni. Kwa kuwa juu hakuwa na cha kupindwa, Mshazari alimpinda pembeni ya masikio, upande mmoja ukabaki juu na mwingine chini. Alifundisha hesabu hivyo mpaka tukamaliza shule, na hakuna aliyethubutu kucheka kabla hajatoka darasani.

Baada ya shule kila mmoja alishika njia yake. Mimi nikaenda kusomea dawa, mwenzetu mmoja akawa wakili, wengine wakaingia ofisini na gereji. Mshazari hakuhangaika kuchagua. Alipanga chumba kimoja kati ya fundi viatu na duka la kutoa nakala, akanunua mashine ya umeme, kiti cha kuzunguka kilichokwisha kuzunguka sehemu nyingine kabla ya kufika kwake, na kioo kikubwa. Kila kitu alikifunga mwenyewe, kwa jicho lake. Rafu ilikuwa na mteremko, na kopo la poda liliteleza mpaka akapigilia vifuniko vya soda ukingoni vilizuie. Kioo nacho kilipinda. Ukikaa pale ukajitazama, hujui nani amepinda, wewe au kioo, na kwa kuwa kioo hakina mdomo, wote tulikuwa tunakitupia lawama.

Nilinyolewa pale siku moja kabla ya harusi yangu. Siku ya harusi mpiga picha akaniambia, "Bwana harusi, nyoosha kichwa." Nikanyoosha. "La, huku." Nikaenda huku. Mwishowe nikatulia pale alipotaka yeye, na ndiyo maana katika picha zetu zote mke wangu amesimama wima kama mtu na akili zake, na mimi nimelala upande kama ninayesinzia. Mke wangu hajanisamehe kabisa. Anasema aliolewa na nusu ya mawazo yangu.

Mara moja tulijaribu kumwambia. Tulimtuma wakili, maana ndiye aliyesomea kusema mambo magumu kwa upole. Wakili alikaa kitini, akakohoa, akaeleza kwa mpangilio mzuri kabisa kwamba kazi ya Mshazari tunaipenda, ila ina kaupande. Mshazari alimsikiliza mpaka mwisho. Akachukua rula, akaiweka kwenye paji la uso la wakili, akalaza kichwa, akatazama kwa muda.

"Wakili," akasema kwa huruma, "mstari ni mzuri. Wewe ndiye umezaliwa umepinda."

Tulicheka mpaka fundi viatu akaja na nyundo mkononi kuuliza kulikoni. Wakili alicheka kuliko wote, akiwa bado na shuka shingoni. Hatukulirudia tena suala hilo. Nani angetaka kunyooshwa na mtu mwingine, wakati kwa Mshazari ulitoka umepinda na moyo mweupe?

Alifariki akiwa na miaka ishirini na tisa. Homa ya uti wa mgongo, iliyomchukua haraka kiasi kwamba mimi, mwenye duka zima la dawa, sikupata hata nafasi ya kufungua chupa moja. Nilimpenda yule jamaa. Nalisema wazi kwa sababu wakati wake sikulisema. Wanaume tuliosoma pamoja tunasalimiana kwa matusi na kuachana kwa matusi, tukidhani tumeelewana.

Siku ya mazishi tulisimama kaburini, watu wa bweni letu wote, tumevua kofia. Msomaji wa wasifu wake alikuwa mtu wa mbali asiyemjua. Alisoma vizuri mpaka alipoinua macho na kutukuta sisi, safu nzima ya watu wazima, makoti meusi, vichwa vyote vimeinuka upande mmoja. Akapoteza mstari. Akatafuta pa kuendelea, akainua macho tena, akapotea tena. Nikasikia mtu nyuma yangu anajikaza kisabuni lakini anashindwa, na alipoangua kicheko nikamjua: mwalimu wa nidhamu. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mama yake Mshazari, aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, aliinua uso, akatutazama mmoja mmoja.

"Angalieni!" akasema. "Mwanangu amewaacha wote wamepinda!"

Akacheka machozi yakimtoka. Basi tukacheka wote, tukalia wote, na sikumbuki kipi kilitangulia.

Chumba kilifungwa kwa muda. Kisha dada yake mdogo, tuliyezoea kumwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, akakifungua. Kitinda alikuwa anaosha vichwa kwenye saluni ya wanawake upande wa pili wa mji, ndoo baada ya ndoo, mtu hamtazami usoni. Mashine alikuwa ameishika tangu utotoni akimsaidia kaka yake. Sasa akaacha saluni, akaja kwenye kile kiti. Rafu aliing'oa akaifunga upya. Kioo akakinyoosha. Mama yao akaleta kigoda chake akakiweka kando ya mlango, akawa anashinda pale anafuma vitambaa vya meza, na sisi kama ada tukaanza kwenda.

Wakili alitangulia. Kitinda alimnyoa kwa utulivu, mkono mwepesi, akamfuta poda. Wakili akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Uso ukamshuka.

"Umeninyoosha," akasema.

"Ndiyo, Kaka."

"Nirudishe."

Kitinda alidhani ni utani. Haukuwa utani. Mama naye akaweka chini sindano zake. "Mpinde, mwanangu," akamwambia binti yake. "Kaka yako alikuwa anampinda."

Kitinda akampinda. Na kupinda kwa makusudi, kwa mtu mwenye jicho zima, ni kazi kuliko kunyoosha. Ilimbidi apime, afute, arudie. Sote tukafuata, mimi mmoja wao, na kila aliyetoka kitini alipita kwanza mbele ya kile kigoda ili Mama ampitishie kidole kwenye mstari. "Naviona vichwa vya mwanangu vinatembea mjini," alikuwa akisema, na uso wake ulifunguka hivi kwamba ungempa kichwa chako kizima akae nacho. Tuliona tumefanya jambo zuri sana. Tulikuwa tunajipongeza.

Ulikuwa unaelekea mwaka wa pili nilipokwenda siku moja mchana, mapema kuliko kawaida yangu. Mwalimu wa nidhamu, siku hizi mstaafu, alikuwa kitini anamaliziwa pembeni ya masikio. Mama alikuwa kwenye kigoda. Nikakaa benchi. Kijana mmoja nadhifu akasimama mlangoni, shati limepigwa pasi, akauliza kama kuna nafasi, maana kesho yake alikuwa na usaili wa kazi. Kitinda akamkaribisha kwa furaha iliyonishtua, jinsi mtu anavyokaribisha mgeni ambaye amemngoja siku nyingi. Hapo mwalimu akainuka, akageuka. Kijana akamwona: sikio la kulia nywele juu, sikio la kushoto nywele chini. Akanitazama na mimi. Kichwa chake kikaanza kulala.

"Nitarudi," akasema.

Hakurudi, na wote mle ndani tulijua kwamba harudi. Kitinda alibaki na brashi mkononi, anatazama mlango.

"Wako wengi wa hivyo?" nikamuuliza.

"Wote," akajibu. "Kaka, wapya wote. Wanafika hapo mlangoni, wanawaona nyinyi, wanaondoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Niwaambie watu wa kaka yangu wasije?" Alikuwa akizungumza polepole, kwa adabu, huku aking'oa nywele moja moja kwenye brashi. "Mwenye nyumba ameniambia mwisho wa mwezi watu wa duka la nakala wanavunja ukuta, wanachukua na huku, kama sina watu wa kutosha. Nitarudi kuosha vichwa. Si neno, nimeshaosha sana. Lakini mimi najua kunyoa, Kaka. Najua kabisa. Na hakuna mtu hata mmoja humu mjini anayelijua hilo."

Alisema bila kumtazama mama yake. Mama alikuwa anafuma, sindano zinaenda, hana hili wala lile. Au ndivyo alivyotaka tuone.

Nilikuwa nimewakasirikia wateja wangu kwa kutomjua Mshazari, na mbele yangu alikuwepo mtu mzima mwenye mikono yake ambaye sisi tuliompenda kaka yake hatujawahi kumtazama. Tulikuwa tunakuja kwake tukitafuta kaka yake, tunampata nusu, tunakwenda zetu tukiwa na furaha. Nikapiga moyo konde, nikainuka, nikakaa kitini.

"Nyoosha," nikasema.

Sindano zikasimama.

"Unasemaje, mwanangu?" Mama akauliza.

"Nasema aninyoe anavyojua yeye, Mama."

"Sasa mimi nitamwona wapi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, na lile swali lilinikata zaidi ya wembe. Kitinda alizima mashine ambayo hata hajaiwasha vizuri. Nilimwona kwenye kioo anapima, mama upande huu, chumba upande ule, na nikaona anakaribia kunipinda.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, poda shingoni.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa na wanafunzi wengi. Yule wako ndiye pekee aliyeniuliza kama nimependa. Unakumbuka nilikusimulia? Wengine wote waliogopa. Yeye alitaka tu kujua kama kazi yake imependwa." Akamwelekezea Kitinda mkono. "Huyu je? Nani amemwambia?"

Mama akaziweka sindano mapajani. Mwalimu akarudi akakaa benchi pembeni ya pengo nililoliacha, na Kitinda akawasha mashine.

Aliponyoa nilifumba macho. Mkono wake haukuwa wa kaka yake. Ulikuwa mtulivu zaidi, haukuzungumza, ulipita kwenye kichwa changu kama mtu anayesafisha meza anayoipenda. Aliponipindua kidevu nikahisi upepo wa mashine ukitembea kwenye paji la uso kutoka upande hadi upande, tambarare kabisa, na nakiri kwamba nilimkumbuka Mshazari wakati ule kuliko nilivyowahi kukumbuka kitu kingine chochote. Nilijua mstari wake unafutika. Nilijua pia kwamba angekuwapo angekuwa amesimama nyuma ya bega la dada yake anamsifu kwa sauti kubwa, na angeapa kwamba kazi imepinda.

Nilipofungua macho, kwenye kioo kulikuwa na mwanaume wa miaka thelathini na kitu, uso mpana kidogo, macho ya uchovu. Si haba, kwa kweli. Sikuwa nimemwona siku nyingi.

"Njoo hapa," Mama akaniita.

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya kigoda. Alinishika mashavu. Alipitisha kidole kwenye mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, akarudia, na kidole hakikupanda popote. Nilingoja alie.

"Kumbe una sura yako," akasema. "Miaka yote hii nimekutazama nikimtazama yeye. Wewe unafanana na nani kwenu?"

"Baba yangu, Mama."

"Alikuwa mzuri?"

"Mama yangu alisema hivyo."

Akacheka, akanipiga kofi dogo la shavu. Mwalimu naye akainuka. "Kinyozi," akasema kwa ile sauti yake ya zamani ya ukaguzi, "nirudie hapa pembeni. Na mimi nataka usaili." Tukaangua kicheko, hata Kitinda, ambaye alikuwa akijifuta uso kwa taulo la wateja. Alimsawazisha mwalimu kwa dakika chache tu. Mwalimu alipoinuka alionekana mdogo, karibu mpole, na sikujua kama nimpongeze au nimpe pole.

Kiti kikabaki kitupu. Kitinda alianza kufagia. Ndipo Mama akainuka kwenye kigoda chake, akaja taratibu akiegemea ukingo wa rafu, akakaa kitini. Tulidhani amechoka. Akainua mikono, akafungua kitambaa cha kichwani.

Sote tulimjua Mama mwenye nywele fupi, zilizonyolewa chini kabisa, tangu siku zile alipokuwa anakuja shuleni kumtembelea mwanawe. Tangu mazishi hatukuwa tumemwona bila kitambaa, na hakuna aliyejiuliza. Nywele zilizokuwa chini yake zilikuwa ndefu, za kijivu, zimesongamana, zinaangukia shingoni. Kitinda aliacha ufagio ukaanguka.

"Mama, si uliniambia unasukwa kwa jirani?"

"Nilikudanganya. Kaka yako ndiye aliyeninyoa mwisho. Nilisema akija mwingine akazigusa, basi tena." Alizishika ncha zake, akazitazama. "Lakini ona, hazikungoja. Zimeota tu. Zilizokuwa za mkono wake ni hizi za mwisho huku, na zenyewe zimeshakatika."

Kitinda alimfunga shuka shingoni. Aliifunga vizuri, akaingiza kidole kuhakikisha haimbani, kama anavyomfanyia kila mtu. Akachukua mkasi kwanza, kwa sababu mashine isingepita.

"Nikukateje, Mama?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye kinyozi."

Nywele zikaanza kuanguka, mafungu ya kijivu, kwenye shuka na kwenye sakafu. Mwalimu alivua miwani akaishika mkononi. Mimi nilitazama nje, nikaona fundi viatu anakatiza, nikatazama ndani tena. Mkasi ulipomaliza mashine ikapita, kutoka mbele kwenda nyuma, na kichwa cha Mama kikatokeza polepole, kidogo, cha mviringo, kizuri. Alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alijitazama kwenye kioo, kisha akamtazama aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Nimezaa vinyozi wawili," akasema. "Wawili! Na nimekaa hapo mlangoni siku zote hizi ninamtafuta mmoja."

Kitinda alimwekea mama yake mkono kichwani, akamwambia ainame kidogo mbele, amalizie kisogoni.